Kilobiti 320 Si Dawa ya Kila Kitu: Bitireti Unapotoa Wimbo Studioni

Miksi imekwisha, masta (toleo la mwisho la wimbo) imekubalika, na programu inafungua dirisha la mwisho lenye maswali ambayo wengi huyajibu kwa mazoea. WAV au MP3? Biti 16 au 24? 44.1 au 48? Na ukichagua MP3: 128, 192 au 320? Jibu la haraka ni kuvuta kila kipimo hadi juu kabisa. Kwa MP3 hilo halina hasara kubwa. Kwa mengine linanenepesha faili tu na sauti inabaki ileile. Kuna mahali pamoja ambapo tabia hiyo hugeuka udanganyifu kabisa: pale MP3 inapogeuzwa WAV ili ionekane "imepanda daraja".

Mkanganyiko unaanzia kwenye namba tatu zinazochukuliwa kuwa ni kitu kimoja.

Ya kwanza ni kasi ya sampuli. Kompyuta haihifadhi wimbi la sauti lenyewe. Inalipima mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo. 44.1 kHz maana yake ni vipimo 44,100 kwa sekunde. Ili kunasa mlio wa masafa fulani, lazima vipimo viwe zaidi ya maradufu ya masafa hayo, kwa hiyo 44.1 hufika hadi karibu 22 kHz. Sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye 20 kHz hivi, na hushuka kadiri umri unavyopanda. Ndiyo maana CD zilipotoka miaka ya 1980 zilitosheka na kipimo hicho.

Ya pili ni kina cha biti, yaani kila kipimo kimoja kinaandikwa kwa biti ngapi. Kila biti huongeza takribani desibeli 6 kati ya mlio mkubwa kabisa na sakafu ya kelele. Biti 16 hutoa karibu desibeli 96, biti 24 karibu 144. Kina hakiongezi "ung'aavu" wa sauti, ingawa watu hupenda kusema hivyo. Kinachofanya ni kushusha kelele ya chini, na faida yake huonekana zaidi wakati wa kurekodi na kuchanganya kuliko wakati wa kusikiliza.

Ya tatu ndiyo bitireti: idadi ya biti zinazotumika kuwakilisha sekunde moja ya wimbo. Kwenye WAV, yaani faili lisilobanwa, huichagui, inajizalisha yenyewe. Chukua kasi ya sampuli, zidisha kwa kina, zidisha kwa idadi ya chaneli (stereo ina mbili, kushoto na kulia). CD ni 44,100 × 16 × 2, sawa na biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kilobiti 1,411. WAV ya 48 kHz na biti 24 ni kilobiti 2,304. Ukienda 96 kHz na biti 24 unafika kilobiti 4,608.

Kujua ukubwa wa faili kabla hujalitoa ni hesabu ya mstari mmoja: bitireti mara sekunde, gawanya kwa nane, unapata kilobaiti. Wimbo wa dakika nne una sekunde 240. Kwa WAV ya CD utapata takriban MB 42. Kwa 48/24 utapata MB 69. MP3 ya 320 ni MB 9.6, ya 192 ni MB 5.8, ya 128 ni MB 3.8. Ukiona MP3 ya 128 imefika MB 7 usiilaumu programu. Kuna mtu amepachika ndani yake picha ya jalada ya pikseli 3,000 kwa 3,000 yenye MB tatu. Picha ya 600 kwa 600 inatosha kwa MP3 ya kugawa. Ile kubwa mpe msambazaji kama faili la peke yake.

MP3 inatupa nini hasa

WAV huandika kila kitu. FLAC pia huandika kila kitu, ila hukifungasha vizuri, mfano wa nguo zilizokunjwa kwenye begi: zikifunguliwa ni zilezile, hakuna kifungo kilichopotea. Kwa kawaida faili la FLAC huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV yake. Kile kipimo chake cha 0 hadi 8 kinahusu juhudi ya kufungasha tu. Hakigusi sauti.

MP3, AAC, Ogg Vorbis na Opus ni ukoo mwingine. Hizi hutupa, na zinachotupa hakirudi.

Zinachagua cha kutupa kwa kufuata udhaifu wa sikio. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, ikigonga kwa nguvu, mlio hafifu wa masafa ya jirani humezwa, na sikio haliusikii hata kama upo. Enkoda ya MP3, yaani programu inayoubana wimbo, huukata vipande vya sampuli 1,152, takribani milisekunde 26 kwa 44.1 kHz, kisha huuliza katika kila kipande: kipi kitasikika, na kipi kimefunikwa? Bitireti ndiyo bajeti inayopewa. Kipande kimoja cha stereo ya CD kina baiti 4,608. Kwa kilobiti 320 enkoda inapaswa kukibana ndani ya baiti 1,045 hivi. Kwa 128 ina baiti 418 tu, chini ya sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo inaanza kutupa hata vile vinavyosikika.

Kitu cha kwanza kutolewa mhanga ni masafa ya juu kabisa. LAME, enkoda ya MP3 inayotumika ndani ya programu nyingi, kwa 128 hukata juu ya 16 au 17 kHz, na kwa 320 huachia hadi karibu 20 kHz. Hewa ya juu kwenye sauti ya mwimbaji na ncha ya matoazi hupungua.

Lakini hilo si ndilo baya zaidi. Baya ni mwangwi unaotangulia. Mlio unaoanza ghafla, kama kofi au mgongo wa fimbo kwenye ngoma, ukiangukia katikati ya kipande, kelele ya ubanaji husambaa kipande kizima, hata zile milisekunde kabla ya pigo lenyewe. Sikio husikia kama pigo limepoteza makali, limevaa soksi. Ndiyo maana aina ya muziki inaamua bitireti kuliko wengi wanavyodhani. Sauti moja na gitaa la nailoni huvumilia 160 bila shida. Taarabu yenye kanuni, ambayo kila uzi unaodonolewa huanza kwa mchomo mkali, au ngoma yenye kayamba mfululizo na makofi na vigelegele, huumbuka mapema. Singeli nayo ni mtihani mgumu: mapigo ni ya kasi, yamejaa juu na katikati kwa wakati mmoja, enkoda haipati pa kupumulia. Ukitaka kujua kama bitireti uliyochagua inatosha, usisikilize kiitikio. Sikiliza kayamba, hai-hati na mkia wa mwangwi mwimbaji anaponyamaza. Matoazi yakianza kulia kama maji yanayozunguka kwenye ndoo, umeshuka mno.

Namba ileile, enkoda tofauti

Namba 128 haina maana moja kila mahali. MP3 ni kiwango cha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliokuja baadaye walijifunza kutokana na makosa yake. AAC hufanya kazi bora kwa bajeti ileile, hasa chini ya 192. Opus, iliyowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, ni bora zaidi huko chini. Opus ya 96 hushindana bila aibu na MP3 ya 128. Duka la iTunes lilianza mwaka 2003 likiuza AAC ya 128, kisha mwaka 2007 likaleta ya 256, na Apple Music bado hutumia AAC ya 256 kwa asiyechagua usikilizaji usio na upotevu. Kwa hiyo anayesema 256 ya AAC ni "chini" ya 320 ya MP3 analinganisha kilo za maembe na kilo za mahindi.

MP3 ina dari lake: 320. Ukiona mtu anauza MP3 ya "kilobiti 500", anauza jina.

Kwa MP3 kutoka masta safi, hukumu yetu ni hii. Chini ya 128 kwa muziki wa stereo usiende. 128 ni ya kumwonjesha mteja kazi ambayo haijaisha. 192 ni mahali pa kuanzia kwa kitu cha kusambaza. Kati ya 256 na 320 wasikilizaji wengi hawataona tofauti, lakini uhifadhi ni rahisi siku hizi, kwa hiyo toa 320 uache ubishi.

Kwa mahubiri, mawaidha au mahojiano hali ni nyingine kabisa. Sauti ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya maikrofoni moja haihitaji stereo. MP3 ya mono (chaneli moja) kwa 64 huipa chaneli hiyo fungu sawa na lile ambalo 128 ya stereo huupa kila upande. Nusu saa ya mawaidha inakuwa MB 14.4. Kuitoa kwa stereo ya 320 ni MB 72, na bando la msikilizaji linaliwa na chaneli mbili zinazosema neno lilelile.

Kuna pia suala la bitireti isiyobadilika na inayobadilika. Isiyobadilika hutumia bajeti sawa hata kwenye sekunde za ukimya. Inayobadilika huweka biti panapohitajika: LAME kwa daraja V0 hupata wastani wa karibu 245, na V2 karibu 190. Kitaalamu inayobadilika ni matumizi mazuri zaidi ya nafasi. Ila redio za zamani za gari, na baadhi ya mitambo ya kurushia vipindi, huonyesha muda usio sahihi au husogea mahali pasipo ukitafuta dakika fulani. Faili linalokwenda redioni au kwenye flashi za watu, tumia isiyobadilika. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, dirisha la kutoa MP3 lina "Bit Rate Mode". Chagua "Constant", kisha 320. Ukikutana na "Joint Stereo", usiiogope. Inahifadhi kilicho sawa pande zote mbili mara moja na tofauti pembeni, na kwa enkoda za leo huokoa biti bila kubana upana wa miksi.

Toka kwenye programu

Mpangilio wenyewe uwe huu: toa masta moja ya WAV, kisha mafaili mengine yote yazaliwe kutoka hiyo. Usirudi kwenye mradi kutoa MP3 ya pili wiki mbili baadaye, kwa sababu plagini (kijiprogramu cha ziada) inaweza kuwa imesasishwa au sampuli imehama folda, na utakuwa na nyimbo mbili zenye jina moja.

Kasi ya sampuli ya masta ifuate ya mradi. Mradi wa 44.1 utolewe 44.1. Kupandisha hadi 96 mlangoni ni kujaza maji kwenye ndoo iliyojaa. Kina kiwe biti 24, au biti 32 za elea (float) kama faili linakwenda kwa mtu wa mastaring, kwa kuwa aina hiyo haikati vilele hata vikivuka desibeli sifuri, kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali.

Kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, Ctrl+R hufungua dirisha la WAV. Angalia vitu vitatu kabla ya kubonyeza kuanza: kina cha biti, ubora wa ubadilishaji wa sampuli, na ule mkia wa wimbo. Ukiacha "Cut remainder", mwangwi wa mwisho unakatwa kama kwa wembe pale mstari wa wimbo unapoishia. "Leave remainder" huuacha ufe wenyewe. Ctrl+Shift+R hutoa MP3 moja kwa moja, lakini ni afadhali MP3 itoke kwenye WAV uliyokwisha kuisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Unaposhuka kutoka biti 24 kwenda 16, washa ditha. Ni kelele ndogo sana inayomwagwa makusudi ili makosa ya kukata biti yasijipange yakawa mkwaruzo kwenye sehemu za chini. Iweke mara moja tu, kwenye hatua ya mwisho kabisa. Ukiiwasha kwenye masta ya biti 24, kisha tena kwenye ya 16, unarundika kelele juu ya kelele. Na ukitoka WAV ya biti 24 kwenda MP3, usipitie 16 katikati. Enkoda inapokea 24 yenyewe.

Kwa mwenye mafaili mengi na kompyuta dhaifu, ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, humaliza kazi kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i wimbo.wav -c:a libmp3lame -b:a 320k wimbo.mp3

Badili "-b:a 320k" kuwa "-q:a 0" ukitaka V0.

Kabla ya yote hayo, kuna nafasi ya juu. Masta nyingi husukumwa hadi desibeli -0.1, karibu kabisa na kikomo cha sifuri, na kuachwa hapo. WAV haitalalamika, lakini ubanaji hubadilisha umbo la wimbi, na vilele vilivyokuwa chini ya sifuri huruka juu yake mara faili linapofunguliwa kwenye simu. Matokeo ni mpasuko mdogo kwenye kiki na sauti, na kadiri bitireti inavyoshuka ndivyo mruko unavyokuwa mkubwa. Acha kilele halisi kisizidi -1. Spotify wenyewe hushauri -1, na -2 kwa masta yenye ukali unaozidi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Prodyuza anayesema "MP3 inapasua wimbo wangu" mara nyingi anaeleza ukosefu wa desibeli hiyo moja.

Faili linakwenda wapi

Msambazaji anayepeleka wimbo kwenye majukwaa apewe WAV au FLAC, biti 16 au 24, 44.1. Kila jukwaa litajitengenezea nakala zake. Spotify, kwa mfano, imekuwa ikitumia Ogg Vorbis ya takribani 96, 160 na 320 kulingana na chaguo la msikilizaji, na AAC ya takribani 24 kwa daraja la chini kabisa, kisha mwaka 2025 ikaongeza daraja lisilo na upotevu. Ukiwapa MP3, wimbo unabanwa mara mbili kwa vipimo viwili tofauti, na makosa ya enkoda ya kwanza huchukuliwa na ya pili kuwa ni sehemu ya muziki. Inatumia bajeti yake kuyahifadhi.

Video ya YouTube ni 48 kHz. Mapendekezo yao kwa stereo ni AAC ya 384. Kama mradi wa wimbo ni 44.1, badilisha kwa programu nzuri ya sauti kabla ya kumpa mhariri wa video, usiiachie bahati. Likitokea kosa la alama, faili la 48 likachezwa kama la 44.1, wimbo hupungua mwendo kwa asilimia 8 na sauti hushuka karibu nusutoni moja na nusu. Wimbo wa dakika nne unakuwa wa dakika 4 na sekunde 21. Ukisikia mwimbaji amegeuka mzito kama ameamka sasa hivi, angalia hapo kwanza.

Kwenye WhatsApp, tuma wimbo kama hati. Ukiuweka ndani ya video, video yote hubanwa upya na sauti yake pia, na ukirekodi ujumbe wa sauti mbele ya spika umeshatoka kwenye mada.

Stemu, yaani sehemu za wimbo zilizotolewa kila moja peke yake, za kumtumia prodyuza mwingine zisiwe MP3 kamwe, hata 320. Sababu si ubora tu. Enkoda na dekoda (inayofungua faili wakati wa kucheza) huongeza ukimya kidogo mwanzoni. Kwa LAME ni sampuli 576, na dekoda huongeza 529. Jumla ni milisekunde 25. Programu nyingine huuondoa ukimya huo, nyingine hazijui kama upo. Stemu moja ikiwa WAV na nyingine MP3, ngoma na besi hazikai mahali pamoja, na mtu anapoteza jioni nzima akitafuta kosa kwenye mdundo. Lupu, vipande vinavyojirudia, pia haziungani: kila mzunguko unaruka.

Kupima ubora kwa spika ya bluetooth hakufai. Kodeki (njia ya kubana sauti) ya msingi ya bluetooth, SBC, hubana wimbo tena kabla haujafika spikani, na mpangilio wake wa juu unaotumika sana ni karibu 328. Hata WAV ikitoka kwenye simu, kinachofika si WAV. Tumia waya.

Na ukipokea WAV usiyoiamini, ifungue kwenye Spek, programu inayochora masafa ya wimbo, au kwenye mwonekano wa spektramu wa Audacity. WAV iliyozaliwa WAV huonyesha masafa yanayofifia taratibu kuelekea juu, mara nyingi hadi 20 kHz na kupita. Iliyozaliwa MP3 ya 128 ina ukuta ulionyooka kwenye 16 au 17, kama ukingo wa meza. Ukuta huo haumaanishi udanganyifu kila mara: rekodi ya kaseti ya zamani, au prodyuza aliyekata juu kwa makusudi, huonekana kwa namna inayokaribiana, ila mteremko wao huwa mlegevu. Ukiwa na shaka, mwombe aliyekutumia faili la mradi au WAV ya siku ya kwanza. Kipimo cha Windows kitakachokuonyesha 1,411 hakithibitishi lolote, kwa sababu WAV yoyote ya stereo ya 44.1 na biti 16 husoma 1,411, hata yenye ukimya mtupu.